Kipima oksijeni cha kidoleni: kwa kichanga, usipoteze pesa yako

Wazazi hunijia wodini na vidude hivi vya kubana kidoleni walivyonunua Kariakoo: "Sista, hiki kiko sawa?" Kwa mtu mzima, sawa tu. Kwa mtoto wa miezi minane, hapana. Kidole chake kinapwaya mle ndani, mwanga unapita pembeni, kioo kinaandika oksijeni ya damu asilimia 84, namba ya mgonjwa, huku mwenyewe anacheka na kunyonya vizuri. Cha watoto ni kile chenye kitambaa cha kuzungushia mguu. Bei yake imechangamka, lakini kinasoma.

Mguu uwe na joto, mtoto atulie, namba nayo itulie. Piko huzuia mwanga, kwa hiyo kama mmetoka harusini tafuteni kidole kisichopakwa. Chini ya 90, mtoto anahitaji oksijeni, kimbieni hospitali. Wenye matatizo ya moyo ya kuzaliwa, hasa wale midomo hugeuka bluu, wana namba yao ya kawaida, tofauti na hiyo. Daktari awaandikie kwenye kadi.

Hata kikisoma 97, mtoto wa miezi minane akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au mbavu zikibonyea, mleteni.

Cha kidoleni nakipa nyota mbili. Na betri kinakula!