Risini ya maji iliyogoma kuganda, na yule aliyeniambia "vidoli"

Jamani naandika hii na hasira haijanitoka, kwa hiyo nikivuka mpaka mahali mnivumilie. Ni kuhusu ile risini ya maji, ile unayomimina kwenye modeli ikaganda ikaonekana kama maji, ya chupa mbili, chupa kubwa ya risini na chupa ndogo ya hadena ya kuigandisha. Kampuni siitaji maana bado nawadai hela yangu na sitaki waje waseme nimewachafua. Inaganda kwa masaa mangapi, inastahimili joto kiasi gani, hayo yote yako kwenye boksi, someni huko, wameyaandika kwa madoido kweli. Mi naongelea kitu kimoja ambacho hawakuandika, na mtu mmoja aliyenijibu.

Kwanza niseme nilikuwa natengeneza nini, la sivyo mtaona mtu mzima analia kwa sababu ya gundi. Mnaijua ile manowari ya Wajerumani, Königsberg? Ile iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar Septemba 1914, halafu ikakimbilia kujificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza wakaleta meli mbili zinazoweza kupita kwenye maji mafupi, Severn na Mersey, Julai 1915 wakaitwanga mpaka wenyewe Wajerumani wakaizamisha. Kila anayetengeneza modeli za meli ana hamu na hapo, moshi, moto, chuma kimepinda. Mi hapo ndipo hadithi yangu inapoanzia. Kwa sababu mizinga yake 10 ya sentimita 10.5 ilitolewa kwenye lile jabali la chuma lililolala majini, ikavutwa nchi kavu kwa kamba, watu kwa mamia, ikaenda kupigana vita iliyobaki kama mizinga ya nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mpaka leo, mwingine uko Pretoria. Nahodha jina lake lipo, jenerali jina lake lipo, waliovuta kamba majina yao nani anayo?

Basi nikaamua diorama yangu, yaani tukio zima la modeli juu ya kitako kimoja, haitakuwa na ofisa hata mmoja. Kuna mzinga mmoja kwenye kigari chake cha kuungaunga, gurudumu la kushoto limezama kwenye kijito, na kuna watu 22 kwenye kamba. Nyuma kabisa kuna kijana amebeba kiti cha kukunja kichwani, kiti kitupu, safi, hakina tope hata tone, mwenye kiti huyo humuoni popote. Hicho kiti kilinichukua jioni tatu. Ndiyo hadithi yenyewe, ukikiona umemaliza.

Skeli ni 1 kwa 35, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 35. Mtu mzima anatoka kama sentimita 5, mtutu wa mzinga peke yake sentimita 12. Sasa nendeni mkatafute wapagazi wa Rufiji wa plastiki wa skeli hiyo mniambie mmewapata wapi, mi nilichokuwa nakuta ni Wajerumani, Wamarekani na Warusi wa vita ya pili, tele. Kwa hiyo hao 22 nimewakatakata mmoja mmoja, kichwa cha huyu, mikono ya yule, nguo nimewavua kwa kisu halafu misuli ya mgongo na vitambaa vya kiunoni nimevijenga kwa puti. Na kamba, ohoo, kamba. Ukiweka uzi wa kawaida unalegea katikati, na uzi ukilegea mzinga unakuwa hauna uzito, unakuwa boksi tupu. Nikasokota waya mwembamba wa shaba, nyuzi tatu pamoja, nikaunyoosha mpaka ukawa umekaza kama kamba inayobeba roho za watu, halafu kila mtu nikamlaza kwa pembe yake, wa mbele kabisa pua inakaribia maji. Mmoja ameachia mkono mmoja anajishika kiuno. Huyo ndiye nampenda kuliko wote.

Miezi. Sihesabu tena, nilianza kabla ya mvua za mwaka juzi nadhani.

Likabaki jambo moja tu, kumimina maji. Na maji humiminwa mwisho, mnajua, huwezi kumimina halafu ukaja kupanda watu, miguu lazima iwe ndani. Maana yake mchezo wote umeuweka mezani, ukikosea hakuna kurudi. Nikaziba kingo, nikapaka kitako varnishi mara mbili risini isinywewe na udongo, nikatia tone la rangi ya kahawia ili yawe maji ya tope na si ya bomba. Kwenye chupa wameandika "2 kwa 1". Nikatoa mizani yangu ndogo ya kupimia, gramu kwa gramu, 2 kwa 1, nikakoroga taratibu nisiingize mapovu, nikamimina tabaka jembamba, nikafunika na boksi vumbi lisiingie, nikaenda kulala kama mtu aliyeozesha binti.

Asubuhi nagusa pembeni, inanata. Nikasema ni baridi. Siku ya pili inanata. Nikawasha taa karibu ipate joto, inanata vilevile, kama asali iliyokaa kwenye kijiko. Wiki ya pili nikiweka kidole nikikitoa inaacha alama ya kidole, ukitazama kwa makini utaona mistari ya gumba langu kwenye maji ya Rufiji ya mwaka 1915. Halafu ikapanda! Ile risini ikawa inatambaa kwenye miguu ya watu kama mafuta yanavyopanda utambi wa taa, ikafika magotini, kwa wengine mapajani, ikang'aa, watu wakaonekana wamevaa suruali za plastiki. Hilo la kupanda kusema kweli si kosa la kampuni hii peke yake, risini za namna hii zote hupanda kingo, lakini inayoganda hupanda kidogo na kuacha, hii yangu ilikuwa na muda wote duniani.

Halafu akaja inzi.

Nilifunua boksi kidogo tu niangalie, kumbe ameingia. Kesho yake yuko pale, katikati ya kijito, miguu yote imenata, amekufa. Milimita saba. Zidisha kwa 35 uone, sentimita 24 na ushee. Yaani kwenye ulimwengu wa wale wapagazi wangu kuna mdudu ukubwa wa njiwa amelala kifudifudi mbele ya mzinga. Nilikaa nikamtazama sijui muda gani. Nikacheka, halafu nikaacha kucheka.

Ndiyo nikawaandikia. Kwa heshima zote, ndugu zangu habari za kazi, nimetumia bidhaa yenu hivi na hivi, nimepima hivi, haijaganda wiki ya tatu sasa, picha hizi hapa, naomba ushauri niiokoe vipi. Si hela niliyotaka mwanzoni, ushauri tu. Siku zikapita. Jibu lililokuja naliweka kama lilivyo maana nimelisoma mpaka nimelikariri: "Kaka, bidhaa yetu inatumika kwenye meza kubwa na haina shida. Kwa hiyo kilichoharibika ni vidoli tu? Mnunulie mtoto vingine."

Vidoli tu. Mnunulie mtoto.

Mi sina mtoto mwenye vidoli. Nina mgongo unaouma kwa kuinamia taa, nina kidole kilichokatwa na kisu mara nne mahali palepale. Na wale watu si wangu hata, ni babu wa mtu, kuna mtu huko anasoma hapa babu wa babu yake alivuta ile kamba na hakurudi, hiyo vita ya wapagazi ilimaliza watu kuliko risasi, njaa na maradhi. Sasa wewe na tai yako ofisini unaniambia mnunulie mtoto. Nilijibu. Sitaandika hapa nilichojibu. Siku hiyohiyo nikaenda nikawapa nyota moja kila mahali panapokubali nyota.

Lakini ngoja niwe mkweli, maana hasira ikishuka kidogo mtu anaanza kusikia mambo. Neno lenyewe, kidoli, lingenichoma hivyo kama lingekuwa uongo mtupu? Hii skeli yetu tunayojivunia imetoka wapi? Kifaru cha Tamiya, ile kampuni ya modeli ya Japani, cha 1961, Panther, kilikuwa na mota ndani kinatembea chenyewe sakafuni, na saizi yake ilipatikana kwa kuangalia betri zitakaaje tumboni. Basi. Betri. Ndiyo leo tunabishana kwa nguvu kama msumari fulani ni sahihi kwa 1 kwa 35. Na hata marehemu Shep Paine, yule Mmarekani aliyewafundisha watu wengi kwamba diorama ni hadithi na siyo kifaru kimewekwa juu ya nyasi, kazi zake zilisambaa miaka ya 1970 kupitia vikaratasi vilivyokuwa vinatiwa ndani ya maboksi ya modeli ya kampuni ya Monogram, maboksi ambayo nina hakika yalinunuliwa na wazazi kwa ajili ya watoto. Kwa hiyo sawa. Tumetoka kwenye vidoli. Ila mwenye haki ya kusema hivyo ni mimi, siyo muuza risini.

Na la pili, hili linaniuma zaidi. Jamaa mmoja anayetengeneza maboti akaniuliza swali dogo, ulipima kwa uzito au kwa ujazo? Nikamwambia kwa uzito, mizani ndiyo sahihi zaidi. Akanyamaza. Kumbe ile 2 kwa 1 ni ya ujazo, vikombe viwili kwa kikombe kimoja, na hadena ni nyepesi kuliko risini, ukipima kwa gramu unajaza hadena kupita kiasi na haigandi sawasawa maisha yake yote, hata uiwekee jua lenyewe. Kwa hiyo kosa ni langu? Nusu langu. Robo tatu labda, kwa sababu mtu ungejaribu kwanza kwenye kifuniko cha kopo, kila mtu anakwambia jaribu kwanza, mi mwenyewe nawaambia watu wajaribu kwanza. Lakini jamani, neno moja! "Kwa ujazo." Mmeandika boksi zima picha za bahari na machweo, nafasi ya maneno mawili imekosekana? Na yule mjibu barua angeniuliza tu hilo swali la jamaa wa maboti tungemalizana kistaarabu na mimi ndiye ningeomba radhi. Hakuuliza. Aliniambia mnunulie mtoto.

Uokoaji ulikwenda hivi, kama umekwama kama mimi. Nilikwangua ile nata kwa vyuma vya daktari wa meno na vijiti vya pamba vyenye spiriti, nyuzi kwa nyuzi, jioni nyingi, rangi ya miguu ikaondoka na risini kwa watu tisa, nikarudia kupaka vifundo vya miguu kwa brashi yenye nywele tatu. Chini ya kigari sikufika kabisa, mkono hauingii, pamebaki laini mpaka leo na ukibonyeza panabonyea. Juu yake nikamimina tabaka jipya.

La risini gani? Hapo ndipo mtanicheka. Ileile. Nilijaribu mbili nyingine kwenye kopo, moja ilianza kuwa ya njano kabla hata mwezi haujaisha nilipoiacha dirishani, nyingine ilijaa mapovu kama soda. Hii ya hawa watu wasio na adabu, ukiipima kwa ujazo, inaganda usiku mmoja, ngumu, na ni angavu kiasi kwamba unaona mchanga niliotia chini na mzizi niliousahau. Ni nzuri. Inanikera jinsi ilivyo nzuri. Kwa hiyo nyota moja naiondoa naweka tatu, hapana, mbili, tatu siwezi, nikikumbuka ile barua mkono unakataa.

Inzi nilimuacha. Alikuwa ameingia ndani ya nata sana, kumtoa kungeng'oa tope la mbele lote, nikamfunika na majani mawili makavu na sasa ukitazama unadhani ni kipande cha gome. Mmoja tu ndiye aliyemgundua mpaka sasa, mpwa wangu, akaniuliza mbona kuna inzi mkubwa hivi, watu hawaogopi?

Hela hawajarudisha na hawatarudisha. Ila chupa mpya zilipokuja nikazigeuza kusoma lebo, na nawaapia, wameongeza. Herufi ndogo nyeusi, "pima kwa ujazo, si kwa uzito." Kwenye chupa zangu za kwanza haikuwepo, ninazo bado, nimezipiga picha pamoja. Kwa hiyo barua yangu kuna mtu aliisoma. Akaenda akabadilisha lebo kimyakimya, hata asante hakuna, hata pole kwa wale tisa waliopoteza miguu. Na mstari wa chini yake kabisa, huo ulikuwepo tangu chupa ya kwanza, mwekundu, herufi kubwa kuliko zote: weka mbali na watoto.