Kura ya maoni ya taifa zima au ya Iowa?

Anayetaka kujua ni nani atakayepeperusha bendera ya chama katika uchaguzi wa rais wa Marekani hukutana mapema na vipimo viwili: kura ya maoni, yaani utafiti unaouliza watu watamchagua nani, ya nchi nzima na ile ya Iowa, jimbo lililokuwa likianza mchujo wa vyama vyote viwili vikubwa hadi 2020. Cha kwanza kina sampuli pana, lakini kinapima uchaguzi usiokuwepo, kwa kuwa majimbo hupiga kura kwa zamu, na miezi mingi kabla ya siku hiyo wahojiwa wengi hutaja tu jina walilolizoea. Kwa sehemu kubwa ya mwaka 2007 Rudy Giuliani, meya wa zamani wa New York, aliongoza hivyo miongoni mwa Warepublican. Mwishoni mwa Januari 2008, baada ya kushindwa katika jimbo la Florida, alijitoa.

Kipimo cha Iowa huwahoji watu waliopata nafasi ya kukutana na wagombea ana kwa ana. Hillary Clinton aliongoza kitaifa upande wa Wademokrati, ilhali gazeti la Des Moines Register lilimweka Barack Obama mbele katika kura yake ya mwisho, naye akashinda tarehe 3 Januari 2008.

Hata hivyo, ugumu wa Iowa ni kukisia nani hasa atahudhuria mikutano ya chama ya usiku wa baridi kali, ambamo wafuasi huchagua mgombea. Mimi ningeiamini zaidi Iowa, ila kwa wiki za mwisho tu. Na hata za wiki za mwisho hukosea: siku tano baada ya ushindi wa Obama Iowa, katika jimbo la New Hampshire, kura za maoni zilimpa yeye ushindi, lakini aliyeshinda ni Clinton.