Jezi ya Gerrard katika Soko la Mwanjelwa

Jezi nyekundu ya Liverpool ya msimu wa 2004/05, yenye namba 8 na jina la Steven Gerrard mgongoni, niliyoipata kwenye meza za mitumba sokoni Mwanjelwa, Mbeya, inastahili kila shilingi. Mishono ya mabegani imeshika vizuri, na mikono yake mirefu inafaa sana kwa baridi yetu ya Juni. Ukingo wa namba tu ndio umeanza kubanduka, hivyo ifuliwe kwa mkono na kuanikwa kivulini.

Thamani yake hasa ni fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya jijini Istanbul, Mei 25, 2005, ambapo Liverpool walikwenda mapumziko wakiwa nyuma kwa mabao 3-0 dhidi ya AC Milan, kisha nahodha Gerrard akafunga kwa kichwa, akaangushwa na kupata penalti iliyozaa bao la kusawazisha, na kombe likapatikana kwa mikwaju ya penalti. Aliondoka mwaka 2015 baada ya mechi 710 bila kutwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Uingereza, jambo ambalo kwangu halimpunguzii hadhi hata kidogo.

Muuzaji ni mstaarabu na bei inazungumzika. Ni vyema kufika asubuhi, kabla marobota hayajachambuliwa.