Bunduki ya elki: ipi ununue kwa masafa marefu, na ipi uiache dukani

Shemeji yangu wa Aurora, huku Colorado, Marekani, kapata kibali cha kuwinda elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, na tangu siku hiyo simu yangu haipumziki. Kila jioni ananirushia picha ya bunduki nyingine. Ya juzi ilikuwa ya .338 Lapua (hilo ni jina la risasi yake, kubwa kweli), mtutu kama bomba la maji, na chini yake kaandika: "Shem, si ndiyo hii?" Siyo, shem. Hiyo ni ya mtu aliyelala kwenye mkeka akipiga shabaha. Wewe utapanda milima ya Colorado, mita 3,000 juu ya bahari, ambako hata pumzi ni ya kukopa.

Basi naandika mara moja, yeye na wengine wanaouliza wasome.

Tuanze na mnyama. Dume la elki lina kilo 300 na ushee, yaani linamzidi tandala mkubwa wa kwetu. Sheria ya Colorado inataka risasi yenye kipenyo kisichopungua inchi 0.24, kichwa (kile kipande kinachoruka) chenye uzito wa greni 85 kwenda juu, greni ikiwa kipimo kidogo cha uzito, na nguvu ya kugonga ya futi-pauni 1,000 ikiwa yadi 100 kutoka mtutuni. Hicho ni kima cha chini tu. Wawindaji wengi wa huku wanapenda risasi imfikie elki ikiwa bado na futi-pauni 1,500. Si sheria, ni mazoea, lakini nayafuata. Na ninaposema "mbali" nina maana ya yadi 300 hadi 500. Kwa yadi 500 risasi inakaa hewani zaidi ya nusu sekunde, na elki hahitaji zaidi ya hapo kupiga hatua moja, na risasi uliyoilenga mapafuni ikaishia kumpasua tumbo.

Namba moja kwangu ni 7mm PRC; majina haya yote ni ya aina za risasi, na bunduki hutengenezwa kwa ajili ya aina moja. Kampuni ya Hornady waliitoa 2022, na uzuri wake hauko kwenye baruti tu. Bunduki zake zinatengenezwa na mtutu unaoizungusha risasi mzunguko mmoja kila inchi 8, kwa hiyo vichwa virefu na vizito vinaruka bila kuyumba, na kichwa kirefu chembamba ndicho kinachoudharau upepo. Risasi ya greni 175 inatoka kwa kasi ya futi 3,000 kwa sekunde. Ukiirekebisha darubini igonge katikati kwa yadi 200, kwa yadi 400 itakuwa imeshuka kama dhiraa moja. Teke lake bega linalivumilia. Ubaya wake ni bei: boksi la risasi 20 mara nyingi linapita dola 50, na duka la mji mdogo laweza kukuambia zimekwisha siku mbili kabla ya msimu.

Namba mbili ni bibi kizee .30-06, ya tangu 1906. Najua vijana watacheka. Lakini ingia duka lolote la vijijini, hata lile linalouza chambo na maziwa, utaikuta kwenye rafu, na boksi la bei nafuu litakuacha na hela ya kufanyia mazoezi. Greni 180, kikomo yadi 400. Hapo itakuwa imeshuka kama dhiraa na theluthi, kwa hiyo lazima umbali uujue, si kuukisia. Mwenye mfuko mmoja tu anunue hii, tofauti ya bei aimalizie kwenye risasi za uwanjani.

Namba tatu, 6.5 Creedmoor. Tamu kufyatua, inalenga vizuri mno, na ndiyo ningempa mtu ambaye hajawahi kushika bunduki. Ila kwa elki nguvu zake zinafika kwenye ile 1,500 karibu yadi 400, na mimi nisingeipeleka zaidi ya 300. Kwa swala wa huku na mbawala, haina mpinzani.

Ya nne ni .300 Winchester Magnum, na hapa nakiri nina kinyongo. Kwa karatasi ni miongoni mwa zenye nguvu zaidi hapa. Ndiyo niliyonunua mwanzo, kwa ushauri wa muuzaji aliyeniona nina mabega mapana. Mwezi mzima risasi zangu zikaangukia chini kushoto. Nikalaumu darubini, nikabadilisha vishikizo vyake, wapi. Siku moja mzee mmoja pale uwanja wa shabaha aliomba anipakilie yeye, nisiangalie. Nikalenga, nikavuta pumzi, nikabonyeza kifyatulio. Ta! Chemba ilikuwa tupu. Na mdomo wa mtutu, bila teke lolote, ulikuwa umechovya chini kama kuku anayedonoa. Mwili wangu ulikuwa unaliogopa teke kabla halijaja. Niliiuza. Wewe jaribu mbinu hiyohiyo na bunduki ya kuazima kabla hujatoa hela.

Anayenunua ya mkononi atakutana sana na 7mm Remington Magnum ya zamani. Ni risasi nzuri, tangu 1962, ila bunduki zake nyingi za zamani zinazungusha risasi mzunguko mmoja karibu kila inchi 9 na nusu, hazivipendi vile vichwa virefu vya kisasa. Ulizia hilo kabla ya kuulizia bei.

Bunduki yenyewe: Tikka T3x ya Finland, kwa ulaini wa bolti yake (kile chuma unachovuta kupakia risasi). Bergara B-14 ya Hispania ikiwa hujali uzito kidogo. Savage 110 kwa mwenye bajeti. Kumbuka tu kwamba bunduki nyepesi inapanda mlima vizuri na inapiga teke vibaya. Hela inayobaki nunua darubini yenye kirungu cha kuzungusha ili kurekebisha lengo kwa umbali, kinachorudi sifuri kwa uhakika, pamoja na kipima umbali.

Kichwa cha risasi nacho kina maneno. Aina iitwayo ELD-X inafunguka (yaani inapanuka ikimgonga mnyama) vizuri hata mbali, ila ikikutana na mfupa wa bega kwa karibu inaweza kusambaratika. AccuBond ya Nosler inastahimili pande zote mbili, ndiyo ninayotumia. Shaba tupu kama TTSX ya Barnes haiachi vipande vya madini ya risasi (lead) kwenye nyama, jambo zuri kwa nyumba yenye watoto, ila inahitaji kasi ili ifunguke, hivyo usiipeleke mbali sana.

Taratibu: Colorado wanakagua kwanza rekodi yako, na tangu Oktoba 2023 unasubiri angalau siku tatu kabla ya kukabidhiwa bunduki. Tangu Aprili 2025 kuna kodi ya asilimia 6.5, ambayo muuzaji anaweza kukusukumia. Aliyezaliwa kuanzia 1949 anahitaji cheti cha mafunzo ya uwindaji.

Ukishachagua risasi, nunua maboksi matano yenye namba moja ya loti (yaliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja kiwandani), maana loti tofauti hugonga mahali tofauti. Shemeji ameshachukua .30-06. Jana kanitumia picha ya karatasi ya shabaha: matundu matatu, yadi 200, sahani ya chai inayafunika yote. Chini yake hajaandika kitu.