Uzoefu wangu: mkoba wa huduma ya kwanza wa "vipande 120" baada ya siku 9 porini

Mkoba huu nimeshautumia katika safari mbili za miguu, moja ya siku 4 na nyingine ya siku 9, zote za kulala kwenye mahema. Ni ile aina inayouzwa ikiwa imeshapangwa, mfuko mwekundu wenye msalaba mweupe, na nje umeandikwa "vipande 120" kwa herufi kubwa. Jina silitaji. Mfuko wenyewe naupenda, ila nusu ya vilivyokuwemo nimevitoa.

Nilipofika nao nyumbani nilimwaga kila kitu mezani nikahesabu. Plasta ndogo 70, vitambaa vya spiriti 20, pini 10. Hapo tayari ni vipande 100, na bado hujakutana na kitu cha kufunika jeraha linalozidi ukucha. Zilizobaki ni shashi chache, bendeji moja nyembamba, mkasi, kibano cha plastiki, glovu na vidude vingine vidogo. Hakuna hata kidonge kimoja. Nilipaswa kuvibadilisha siku ileile, lakini nikaamini kwamba waliopanga wanajua zaidi yangu.

Siku ya pili ya ile safari ndefu, mwenzangu aliteleza kwenye mteremko wa changarawe, akaangukia goti. Ngozi ilichubuka eneo la upana wa kiganja, mchanga ukabaki umeganda ndani. Hapa niusifu mfuko: ukivuta zipu unafunguka wote kama kitabu, vifuko vya ndani vinaonyesha kilichomo, na nilipata glovu mara moja ingawa mikono ilikuwa inanitetemeka. Baada ya hapo ndipo shida ilipoanza. Kitambaa cha spiriti kilimchoma mpaka akapiga kelele, na mchanga haukutoka. Kilichosafisha lile goti ni maji yetu ya kunywa: nilitoboa kizibo cha chupa kwa pini, nikaibana chupa maji yakatoka kwa nguvu, tukatumia karibu lita nzima. Punje mbili ziligoma. Kila nikizishika, ncha za kibano zinapinda na punje inateleza. Plasta hazikushika kwenye jasho, na bendeji iliisha kabla sijaifunga, ikabidi nimalizie kwa kitambaa chake cha kichwani.

Sasa nabeba bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano kwa ajili ya kuoshea, kibano cha chuma, shashi pana zisizoganda kwenye kidonda, bendeji mbili za upana wa sentimita 10 na plasta ya kitambaa ya kukata. Hiyo plasta ya kukata nawashauri sana. Inashikilia shashi, na ukiibandika kisiginoni mara tu unaposikia joto la kusuguliwa na kiatu, lengelenge huwa halitoki. Mimi sasa nikisikia joto hilo nasimama hapohapo na kuvua kiatu, hata kama kundi zima linaningoja.

Tumbo nalo halikukumbukwa kabisa. Siku ya sita nilihara usiku kucha na nilikuwa na pakiti mbili tu za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), tena za kuombwa kwa wenzangu. Pakiti za kawaida ni za kuchanganywa na lita moja kamili ya maji. Ukipunguza maji chumvi inazidi, na inaweza kukudhuru. Ndiyo maana chupa yangu sasa ina mstari wa kalamu ya wino usiofutika kwenye alama ya lita moja. Pakiti zilipoisha tulichanganya wenyewe: vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kwa lita ya maji yaliyochemshwa. Loperamaidi, dawa ya kuzuia kuhara, ninayo pia, lakini ukiona damu kwenye choo au una homa kali, usiiguse.

Dawa nyingine nilizoongeza ni chache: parasetamoli ya miligramu 500 (kwa mtu mzima isizidi vidonge 8 kwa saa 24), setirizini ya mzio, na dawa zangu za kila siku zikiwa na akiba ya siku kadhaa. Zote ziko kwenye pakiti zake halisi pamoja na nakala ya cheti cha daktari, maana kuna nchi zinazozuia dawa ambazo kwingine ni za kawaida, kama dawa za maumivu zenye kodini.

Mvua ya siku ya tano ilipita kwenye zipu na kulowesha karatasi za plasta. Kwa hiyo mfuko nao unahitaji mfuko usiopitisha maji.

Lakini kilichoniudhi kuliko vyote ni kijitabu. Ukurasa wa kuumwa na nyoka unaelekeza kufunga kamba juu ya jeraha, kuchanja na kunyonya sumu. Hayo yanaua watu na yanaharibu viungo. Mtu aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete na saa kabla hajavimba, kiungo kisichezeshwe, afikishwe hospitali haraka iwezekanavyo. Nimeuchana ukurasa ule na kuweka karatasi niliyoiandika kwa mkono, yenye maelezo hayo na namba za dharura za tunakokwenda.

Nyota 3 kati ya 5, zote za mfuko. Kama huna kabisa pa kuanzia, nunua, halafu siku hiyohiyo mwaga mezani na upange upya. Watengenezaji nimewaandikia kuhusu ule ukurasa wa nyoka, na nikijibiwa nitaongeza hapa walichosema.