Scratch darasani: programu ya bure inayomwachia mtoto usukani

Scratch ni programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta, katuni na hadithi zenye sauti. Mtoto haandiki misimbo kwa maneno. Anaburuta vipande vya rangi, yaani bloku, na kuvishikiza kimoja chini ya kingine. Ilitoka mwaka 2007 katika Media Lab ya chuo cha MIT, Marekani, kwenye kundi la Mitchel Resnick, na toleo la 3.0 lilifuata Januari 2019. Imelenga watoto wa miaka 8 hadi 16. Wadogo wa miaka 5 hadi 7 wana ScratchJr, ambayo haidai kujua kusoma. Zote mbili ni bure, na Scratch ina Kiswahili.

Tunaisifu hasa kwa sababu kazi huanza na kitu anachokitaka mtoto, na hesabu huja nyuma yake kwa kuwa inahitajika. Jukwaa la Scratch, yaani eneo ambamo wahusika huonekana wakicheza, lina upana wa hatua 480 na urefu wa hatua 360, na sifuri ipo katikati. Mtoto wa darasa la tano anayetaka embe lianguke kutoka juu hana budi kukutana na namba hasi. Hazikuletwa na mwalimu ubaoni. Amezifuata mwenyewe kwa sababu embe lake limegoma kushuka. Wazo hili ni la Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, ambaye mwaka 1967 alishirikiana na wenzake kuunda lugha ya Logo ili watoto waiamuru kompyuta. Scratch ni mjukuu wa Logo.

Mwalimu akiigeuza kuwa somo la kunakili, faida hiyo yote inakwisha. Ndiyo maana tathmini hii inazungumzia matumizi kuliko sura ya programu.

Kiswahili chake

Lugha huchaguliwa kwenye menyu ya juu, upande wa kushoto, penye alama ya tufe au mipangilio kutegemea toleo. Ukichagua Kiswahili, bloku zote hubadilika papo hapo, hata kwenye kazi iliyoanzwa kwa Kiingereza, kwa sababu faili huhifadhi kazi ya bloku na si maneno yaliyoandikwa juu yake. Hii ni nguvu kubwa kuliko inavyoonekana. Wanafunzi wanaweza kufungua mchezo uliotengenezwa na mtoto wa Brazil, wakatazama ndani, wakasoma mpangilio wake kwa Kiswahili. Yasiyobadilika ni majina aliyoyatunga mtengenezaji na maneno aliyowapa wahusika wake waseme.

Kasoro ipo kwenye nyongeza ya kusoma maandishi kwa sauti: Kiswahili hakimo, na bila intaneti haifanyi kazi. Afadhali watoto warekodi sauti zao wenyewe kwenye kichupo cha sauti. Maikrofoni ya laptop inatosha, na hadithi ya sungura na fisi inanoga zaidi ikisimuliwa na mtoto mwenyewe.

Vifaa

Intaneti si lazima. Kuna programu ya kusakinisha ya Windows 10 na kuendelea, macOS, ChromeOS na Android. Pakua faili la kusakinishia mara moja, litie kwenye flashi, kisha pita nalo kompyuta moja baada ya nyingine. Kwenye Android inafanya kazi kwenye vishikwambi tu, simu haimo. Vishikwambi ambavyo walimu wengi wa Tanzania waligawiwa baada ya Sensa ya 2022 vinafaa kujaribiwa kabla ya kutafuta fedha za kununua vingine.

Kompyuta kuukuu ndizo zinazosumbua. Toleo la 3 hutegemea WebGL, ufundi wa kuchora picha ambao kadi nyingi za zamani haziuwezi, na hapo utapata ujumbe wa kukataliwa au jukwaa jeupe tupu. Kwa mashine kama hizo weka Scratch 1.4, ambayo bado inapatikana na hukimbia hata kwenye kompyuta dhaifu sana. Ila usichanganye matoleo kwenye chumba kimoja: 1.4 haifungui faili za .sb3 za toleo jipya, na mtoto aliyehamia kompyuta ya jirani atakuta kazi yake haifunguki.

Mchezo mmoja, makosa yake yote

Tuchukue mchezo ambao watoto huuomba wenyewe: maembe yanaanguka, kikapu kinayadaka. Wahusika ni wawili tu. Kikapu kinakaa chini, y (namba ya kupanda na kushuka) ikiwa -140, na kinakwenda kushoto na kulia. Embe linaanzia y 170, na x yake (namba ya kushoto na kulia) inachaguliwa kwa bahati nasibu kati ya -200 na 200. Kisha, ndani ya bloku ya kurudia bila kikomo, y inabadilishwa kwa -5. Scratch hurudia mzunguko kama huo mara 30 kwa sekunde, kwa hiyo embe hushuka hatua 340 kwa sekunde mbili na robo hivi. Kwa anayeanza mwendo huo unafaa. Akiweka -10 atalazimika kuwa mwepesi.

Sasa makosa, kwa sababu hapo ndipo kujifunza kulipo.

La kwanza ni kikapu kinachosita. Mtoto ametumia bloku ya tukio inayosema kitufe cha mshale kikibonyezwa, sogea. Anakishikilia kitufe, kikapu kinaruka mara moja, kinasimama kidogo, ndipo kinaendelea. Shikilia herufi "a" kwenye programu ya kuandikia uone: inatoka moja, inatulia, kisha zinamiminika. Ni tabia ya kibodi. Dawa ni kuweka ndani ya mzunguko usio na kikomo bloku ya "kama", iulize kila mara ikiwa mshale umeshikiliwa.

La pili huwafurahisha watoto kabla ya kuwakera: embe moja linaleta alama 12. Mzunguko unauliza mara 30 kwa sekunde kama embe linagusa kikapu, na embe huchukua muda kukipita, basi kila ukaguzi unaongeza alama. Lirudishe embe juu mara tu baada ya kuongeza alama moja, ndani ya "kama" ileile, kabla mzunguko mwingine haujaanza.

La tatu limewachanganya hata walimu. Mtoto ameandika: y ikiwa chini ya -200, rudi juu. Embe linafika chini, linang'ang'ania ukingoni, halirudi juu. Scratch hairuhusu mhusika atoke jukwaani mzima mzima. Sehemu yake lazima ibaki ikionekana, kwa hiyo embe dogo haliwezi kuifikia -200 kabisa. Weka -170 na tatizo linakwisha.

Kuna pia alama zisizorudi sifuri mchezo unapoanza upya, kwa kuwa Scratch hukumbuka thamani ya mwisho. Chini ya bloku ya bendera ya kijani, ambayo ndiyo ya kuanzishia mchezo, lazima iwepo bloku ya kuweka alama kuwa 0. Na paka, mhusika anayekuja na Scratch yenyewe, anayetembea kichwa chini baada ya kugonga ukingo anahitaji tu mtindo wa kugeuka uwe kushoto-kulia.

Mtoto akitaka maembe mengi ataingia kwenye nakala za mhusika, na hapo kuna shimo. Akiagiza kwamba kitufe cha nafasi kikibonyezwa embe lijizalie nakala, kila nakala nayo husikia kitufe hicho na kujizalia nyingine. Embe moja huwa mawili, manne, manane. Mbonyezo wa nane yako 256, na wa tisa unagonga kikomo cha Scratch, nakala 300. Usikimbilie kumsahihisha. Mpe karatasi aandike idadi baada ya kila mbonyezo. Amekutana na vipeo vya 2 bila kuvitafuta.

Kuendesha darasa

Programu ina mafunzo yake ya hatua kwa hatua. Ni mazuri kwa anayejifunza peke yake nyumbani, lakini darasani tunashauri yasitumiwe siku ya kwanza, maana hutoa kazi 30 zinazofanana. Zoezi la bloku 10 lina nafuu kubwa: waonyeshe bloku kumi tu, waambie watengeneze chochote wanachotaka, sharti kila bloku itumike angalau mara moja. Kumi hizo ni: nenda mahali fulani, teleza hadi mahali fulani, sema, onekana, jifiche, badili ukubwa, cheza sauti mpaka iishe, mhusika akibofywa, subiri, na rudia. Ufinyu huo unawaondolea hofu ya menyu ndefu, na bado hakuna kazi mbili zitakazolingana.

Watoto wawili kwa kompyuta moja ndiyo idadi bora. Watatu, mmoja huwa mtazamaji. Badilishaneni kipanya kila dakika 10, na mwalimu ashike saa, kwa sababu mtoto aliyekolea hatakiachia kwa hiari. Kipindi kimoja cha dakika 40 ni kifupi mno: dakika 10 zinakwenda kwa kuwasha na kufungua faili, 5 kwa kuhifadhi. Omba vipindi viwili mfululizo, hata ikiwa ni mara moja kwa wiki mbili.

Mwalimu asiguse kipanya cha mwanafunzi. Mchezo ukigoma, maswali matatu yanatosha: ulitaka kitokee nini, kimetokea nini, na bloku gani uliiongeza mwisho? Mara nyingi mtoto hujijibu kwenye swali la tatu. Na asipojijibu, atenganishe nusu ya bloku kando na kujaribu iliyobaki. Dakika chache za mwisho za kipindi zitumike kutembelea kompyuta za wenzao. Kuazima wazo la jirani na kuliendeleza kunaruhusiwa, ilimradi jina lake litajwe. Kwenye tovuti ya Scratch jambo hilo hufanyika lenyewe: kazi iliyotokana na ya mwingine huonyesha ilikotoka.

Kwa wanaotumia tovuti, mwalimu aombe akaunti ya mwalimu, ambayo inamwezesha kufungulia wanafunzi akaunti bila kila mtoto kuwa na barua pepe. Majina ya akaunti yasiwe majina halisi ya watoto.

Inapopwaya

Simu. Nyumba nyingi zina simu tu, na juu ya kioo kidogo bloku hazishikiki vizuri. Kucheza kazi iliyokamilika inawezekana, kutengeneza ni taabu. Hili ni pengo kubwa, na hakuna ujanja wa kuliziba.

Kuhifadhi kazi nako kunahitaji nidhamu. Kwenye kivinjari, mtoto asiye na akaunti akifunga dirisha bila kuhifadhi kwenye kompyuta, kazi imepotea. Na asipoandika jina kwenye kisanduku cha juu, faili zote hujazana kwenye folda moja kwa jina lilelile na namba tu mwishoni, hivyo wiki inayofuata hakuna anayejua lake ni lipi. Agizeni jina la mtoto, darasa na tarehe kabla ya bloku ya kwanza kuwekwa, na nakili folda nzima kwenye flashi kabla ya kuzima mashine.

Kwa vijana wa miaka 14 na zaidi, ikiwa mpangilio wa bloku umekuwa mrefu hadi wanatumia muda mwingi kuutafuta kuliko kuubadilisha, waonyeshe Python, lugha ya kompyuta inayoandikwa kwa maneno. Waanze na mchezo uleule wa maembe, maana mantiki yake wameshaijua na kilichobaki ni kuiandika.