Magodoro madogo ya watoto wa dei kea: uzoefu wangu na fundi wa Keko

Hukumu kwanza, maelezo baadaye: kwa dei kea ya nyumbani, godoro la kushonesha kwa fundi wa makochi linalishinda lile la kukunja la dukani. Tena sababu wala si sponji, ni zipu.

Ninalea watoto hapa nyumbani Tabata, Dar es Salaam, wa kuanzia mwaka mmoja na nusu hadi miaka minne. Wazazi huwaleta asubuhi kabla foleni ya Barabara ya Mandela haijakaza. Saa saba mchana wakishashiba, wote hulala sebuleni. Mwanzoni walilalia mikeka ya plastiki. Mkeka hauna matatizo ya kuosha, unaumwagia maji na kuuanika ukutani, lakini juu ya marumaru ni mgumu na mwezi wa saba sakafu ina baridi. Watoto walikuwa wanaamka upesi na kununa jioni nzima.

Ndipo nikanunua yale ya kukunja, Kariakoo. Rangi zinavutia, yana picha za wanyama, mzazi akija kuangalia kituo anayasifia. Ubaya wake unauona mtoto akishakojoa. Mshono umepita juu, pale pale anapolala, na kila tundu la sindano ni njia ya mkojo. Unafuta, panang'ara, kumbe sponji limeshakunywa. Na kwa kuwa kava limeshonwa moja kwa moja, hulivui. Masika yalipoingia sebule nzima ikawa inanuka na hujui ulaumu godoro lipi. Nilichana moja kwa wembe. Ndani kulikuwa na madoa meusi ya ukungu, wakati kava lenyewe bado lilikuwa zima. Yaani unatupa kitu kizima kwa sababu ya nusu iliyooza.

Keko nilikwenda kwa sababu pale makochi yanashonwa hadharani, unaona fundi anavyofanya kazi kabla hujampa pesa. Nilichukua sponji la futi 4 kwa 6, unene wa inchi 2. Ukilikata kwa upande wa futi 6 unapata magodoro matatu ya futi 2 kwa 4, hakibaki hata kipande, na mtoto wa miaka minne analala akanyooka. Kabla ya kulipa weka sponji sakafuni, lipigie goti. Goti likigusa sakafu, hilo ni jepesi, litalala bapa mapema. Liwe zito mkononi, na ukiachia mkono liinuke lenyewe bila kusitasita. Lile la vipande vilivyogandishwa kwa gundi niliambiwa ni gumu na linadumu. Ni kweli, ila kwa mtoto mdogo naona ni sawa na kumlaza kwenye kiti cha daladala.

Kwenye mshono tulivutana kidogo, maana yeye alitaka juu kuwe na bomba, ule ukingo mnene wa mapambo unaoshonwa pembeni mwa makochi.

"Mama, nikishona kwa chini halitapendeza. Bomba likizunguka juu ndiyo shepu inatoka."

"Fundi, mwenye kulilalia ana miaka miwili. Weka chini."

Alicheka, akafanya nilivyotaka: ngozi bandia imefunika juu na pembeni zote, mshono na zipu viko upande wa sakafu. Naye alinifundisha jambo ambalo sikulijua. Nilitaka zipu ifunikwe isipitishe kitu kabisa, akakataa. Godoro likizibwa kila mahali, mtoto akilirukia hewa inakosa pa kutokea, inapasua mshono. Kwa hiyo zipu ndiyo pua yake. Fundi wa namna hii ninamheshimu, ingawa "kesho mama, njoo kesho" yake ilinichosha, na nauli ya kwenda Keko hakunirudishia. Panga mapema, usingoje ya zamani yaishe kabisa.

Kasoro moja sitaificha: ngozi bandia ina joto. Kwa joto la Dar mwezi wa pili, mtoto akiilalia wazi mgongo unaloa jasho. Nimeshonesha mashuka ya pamba yenye lastiki pembeni, na kila mzazi analeta kanga moja ya kujifunikia mwanawe. Ijumaa shuka na kanga vinarudi kwao kufuliwa. Wapo wanaosahau, nao ni walewale.

Kila mtoto ana godoro lake, halishirikiwi. Mapunye na upele haviangalii mtoto wa nani. Kuandika majina hakunisaidia, kwa sababu hawajui kusoma na dada anayenisaidia alikuwa anachanganya, basi nimechora kwa rangi: samaki, embe, mwavuli, kuku. Sasa wa miaka mitatu anabeba lake mwenyewe na kugombana na atakayeligusa. Nikiyapanga kabatini naweka juu kwa juu na chini kwa chini, ili upande uliogusa sakafu usigusane na upande wa kulala. Wakati wa kulala naacha karibu mita moja kati yao, na mmoja anaelekeza kichwa huku, wa pili kule, ili wasikoholeane usoni.

Usafi ni mwepesi. Kila siku kitambaa na maji ya sabuni. Mkojo ukipita, kwanza osha kwa sabuni na suuza, ndipo upitishe maji yenye Jik kidogo. Usimwage Jik juu ya mkojo wenyewe. Mkojo una amonia, vikikutana vinatoa hewa inayochoma macho na koo, na humo ndani kuna watoto. Wala usizidishe, kwani Jik kali inakausha ngozi bandia ikaanza kuatuka. Sponji likilowa lioshe, likamue kwa kulikandamiza bila kulisokota, kisha lianike kivulini penye upepo. Jua kali unaloliona kama dawa ndilo linaloligeuza sponji kuwa la njano na kumeguka kama unga. Mwisho wa wiki nafungua zipu na kumulika mishono kwa tochi ya simu kutafuta kunguni. Wanapenda mikunjo, na kunguni mmoja akisafiri kwenye begi la mtoto, mzazi hatakusikiliza tena.

Kubadilisha ndiko ninakoona faida ya pesa yangu. Kava likipasuka au likinata hata baada ya kuoshwa, fundi anashona kava tu. Sponji likibonyea katikati lisiinuke, likimeguka, au likibaki na harufu baada ya kukauka, nanunua sponji na kulivika kava lilelile. Kwa yale ya dukani ufa mdogo ulikuwa unamaanisha kununua jipya. Ufa usiuzibe kwa selotepu ukadhani umemaliza. Wa miaka miwili ataubandua kabla ya saa tisa na kula kilichomo.

Wa chini ya mwaka mmoja siwapokei, na wala magodoro haya siyapendekezi kwao. Hao wanataka kitanda chao chenye godoro gumu linaloenea, walazwe chali, bila mto wala midoli.

Afisa ustawi wa jamii alipokuja kukagua, maana dei kea hata ikiwa ya sebuleni inatakiwa isajiliwe, alifungua zipu moja mwenyewe akanusa. Yale ya dukani nisingethubutu kumpa anuse. Nampa fundi nyota 4 kati ya 5, moja nimeikata kwa zile kesho zake. Ukienda, nenda na vipimo vimeandikwa, chagua ngozi bandia yenye kitambaa nyuma yake kwa sababu haichaniki upesi, sema uzi uwe wa nailoni, na mwambie akuongezee kava moja la akiba kutoka kwenye jora lilelile. Ukirudi baadaye rangi ile hutaikuta.